Mkono wa Kuume

Mama alikuwa na Zaburi moja aliyoisoma kila asubuhi nyumbani kwetu Langas kabla ya kwenda sokoni kuuza viazi. Inasema kwamba Mungu ni kivuli kwenye mkono wako wa kuume. Huku Eldoret hatusemi kuume, tunasema mkono wa kulia, kwa hiyo Mama alilielewa neno hilo kama mkono wa kuuma. Na mkono wake uliouma ulikuwa wa kushoto, bega likiwa limeharibiwa na magunia. Akifika hapo alilishika bega lile, akafumba macho, akanyamaza mpaka chai ikapoa.

"Hapa ndipo anakaa," aliniambia.

Siku moja nikamwambia, "Mama, kuume ni kulia."

Alicheka. "Basi wewe kaa na wa kulia. Mimi niachie huu unaouma."

Tulimzika mwezi wa nane, mvua ikinyesha. Waombolezaji walinisomea maandiko hadi nikachoka nao; mtu angeniongezea mstari mmoja tu, ningemfukuza.

Leo asubuhi nimefungua Biblia yake mwenyewe, kwenye ule ukurasa uliochakaa kwa kidole chake. Nimeketi kwenye kiti chake, nikafumba macho kama yeye, nikalitafakari lile neno moja, kuume. Maana yake niliijua tangu zamani, tena ni mimi niliyemfundisha Mama.

Kuume ni kulia. Nimelia mpaka chai ikapoa.