Bibi Aliyewasemesha Dagaa Kiingereza

Wakuu, nimewahi kumkuta bibi wa watu akiwasemesha dagaa Kiingereza. Saa nne asubuhi, mwaloni Kibirizi, wanakoshushia samaki, na akili zake timamu.

Kosa lilikuwa langu.

Naitwa Gasper, nafundisha tuisheni ya Kiingereza pale Rusimbi. Bibi Bukeyeneza ni Mrundi wa siku nyingi hapa Kigoma, kazi yake kuanika dagaa. Binti yake alihamia Kanada na mtoto mchanga, Ciza. Sasa Ciza ana miaka saba na anajua Kiingereza tu.

Jumapili mbili mfululizo bibi kampigia. Mtoto kasikiliza kidogo, kamrudishia mama yake simu, kaenda kucheza.

"Mwalimu, akiondoka na Jumapili ya tatu, huyo simpati tena. Nipe neno moja linalofanya kazi nyingi."

Nikampa "get". Nikajifanya mjuaji, nikamwandikia maana ishirini na tatu, pamoja na visawe vyake vizito vya kuvaliwa tai.

Bibi akaitazama karatasi, akanifungia humo humo dagaa wa kuonja.

"Mwana wanje, mwanangu, mimi nina vichanja vitano vya kuanikia. Nipe maana tano."

Ikabidi niwe mpole. Kichanja cha kwanza, "get up", kuamka. Cha pili, "get fish", kupata samaki. Cha tatu, "get wet", kulowa. Cha nne, "get home", kufika nyumbani. Cha tano, "get old", kuzeeka.

Kila akigeuza dagaa, anataja. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba kachanganyikiwa.

Jumapili ikanyesha. Dagaa wote wakaondolewa, vichanja vikabaki vitupu. Bibi akapiga simu, akaweka spika, akatoka nayo mvuani hadi kichanja cha kwanza. Mimi nyuma na mwavuli.

"Ciza. I get up."

Hatua, kichanja cha pili.

"I get fish."

Hatua nyingine.

"I get wet."

Mtoto akacheka. Mvua ilikuwa inasikika mpaka kwao.

Bibi akamaliza vyote vitano, akasimama. Mtoto akauliza kitu, haraka haraka, kwa puani. Mimi mwenye cheti sikuambulia hata herufi.

Bibi akarudi nyuma hatua moja, akashika kichanja cha nne.

"Anauliza nitafika lini kwao."

Wakuu, nikamwambia ngoja nimtafutie jibu zuri.

"Acha, Mwalimu. Usimdanganye mtoto."

Akarudi kichanja cha kwanza, akaanza upya. "Ciza. I get up." Safari hii mtoto akawa anafuatisha. Walizunguka vile vichanja mara nne, mpaka salio likakata.

Jumatatu nikamkuta anachimbia nguzo za kichanja cha sita.

"Shikamoo bibi. Hicho cha maana gani?"

"Marahaba. Hiki ni cha lile jibu. Bado sijalipata, lakini nafasi yake iwepo."

Nilichojifunza: usimpe mtu maneno mengi kuliko anayoweza kuanika.

Ile karatasi ya maana ishirini na tatu ninayo bado. Inanuka dagaa.