Mbwa Alipata Daktari Kabla Yangu

Nakumbuka siku moja kule Bugarama, mwanangu. Joto la pale unalijua, nami nilikuwa nimevaa sweta.

Nilikuwa bado mke mgeni. Mume wangu na baba yake waliuza mchele, na ghala lao lililindwa na mbwa mkubwa aitwaye Komando. Mbwa huyo alikuwa amebadilika. Alinenepa ingawa chakula hakikuongezwa, manyoya ya mkia yakamtoka, akawa analala juani mchana kutwa. Baba mkwe akamwita veterineri, daktari wa mifugo, naye akamtoa damu ikapimwe.

Siku hiyo alirudi na majibu pamoja na vidonge vya Komando. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai.

"Mbwa yenu haina uvivu," akasema. "Hapa kwenye koo kuko tezi. Ndiyo inatoa homoni ya kuendesha mwili. Ubongo unaituma kazi, lakini ya huyu imeharibika, haitoi tena ya kutosha. Ndiyo maana anasikia baridi, ananenepa bure, nywele zinatoka, moyo unapiga polepole."

Kila alichokitaja kilikuwa changu, hata nywele nilizozificha chini ya kitambaa. Na mama mkwe alikuwa ameshaamua nirudishwe kwetu Gitambi kwa uvivu. Nguo zangu zilikuwa zimefungwa tayari.

"Karibu chai, dokta," nikasema.

Akanitazama uso uliovimba, akatazama sweta. "Maman, hiyo sauti ya kukwaruza uko nayo tangu lini?"

Mume wangu akanyoosha mkono kwenye vidonge vya Komando. "Basi na yeye atakunywa hizi."

"Hapana, Papa. Dawa ya mbwa ni ya mbwa, kipimo si kimoja. Na mimi siko munganga wa batu. Mumupeleke hospitali bapime damu yake."

Baba mkwe akawageukia mwanawe na mkewe aliyesimama mlangoni, bila kupaza sauti: "Mbwa tulimuitia munganga. Huyu mutoto wa batu tulimuitia matusi."

Hospitali ilikuta ugonjwa uleule. Tangu wakati ule nameza kidonge kila asubuhi, na Komando alimeza chake mpaka uzee ulipomchukua. Mama mkwe alizifungua nguo zangu kwa mikono yake. Lakini mshtuko ule haujanitoka hadi leo. Kama mbwa asingeugua, ningefia Gitambi na jina la mvivu.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mtu wa nyumbani kwako akibadilika, usimpe jina baya kabla hujampeleka kupimwa. Muulize anasikia nini mwilini, na umwache amalize kujibu. Nawe mwili wako ukikugeuka, sema mapema. Mimi nilinyamaza kwa aibu, na aibu ile nusura inizike.

Mungu akulinde wewe na watakaokula mezani kwako, akupe macho ya kuwaona wangali hai.