Mtani wa Duka la Viatu vya Magurudumu

Mjukuu wangu alipofariki nilibaki na haja moja tu duniani: yule binti wa dukani asiondoke. Nyumba ninayo. Wanangu wapo, mmoja Nzega, wengine Dar, wananipigia simu. Lakini nilimtaka yeye. Majina ya wote nitakaowasimulia ninayo kichwani, yao na ya baba zao na ya babu zao, ila hapa sitayaandika. Walio hai wana haya zao, na aliyekufa ameshapumzika.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yangu, huku Chemchem, Tabora. Mjukuu wangu aliuza viatu vya magurudumu, vile vya kutelezea barabarani, magurudumu yamepangwa mstari mmoja chini ya soli. Vilikuwa mitumba, vinakuja na treni kutoka Dar. Ukifungua belo unakuta cha kushoto ni cha mtu mzima, cha kulia ni cha mtoto. Hapo ndipo kazi ya fundi. Fundi alikuwa Msukuma wa Ziba, mtu mzima, zamani alitengeneza baiskeli. Anang'oa gurudumu hapa analipachika pale, anaosha beringi kwa mafuta ya taa, anapaka grisi, halafu anazungusha gurudumu karibu na sikio na kusikiliza mpaka linyamaze. Watu walisema, Tabora hii na vumbi lake, nani atanunua? Wakanunua. Jioni watoto walijaa kwenye lami, mikono wameitanua kama vifaranga.

Binti ndiye aliyeuza, ndiye aliyewafundisha. Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo. Mtani anakutukana hukasiriki, anachukua kitu chako humshitaki. Basi huyu hakuwahi kunisalimia kabla hajanichokoza.

"We bibi, babu zako walitembea mpaka Bagamoyo na pembe mabegani. Wangekuwa na viatu hivi si wangefika chai haijapoa?"

"Wangefika, wangewakuta nyie mmelala, mmechoka na ngoma. Nani angewapokea?"

"Tungewapokea! Tungewauzia hata maji ya kunawa."

Fundi anacheka chini chini na spana yake. Mjukuu anasema, "Bibi, nifukuzie huyu mtu." Mimi mjukuu nilikuwa namwita mume wangu, kama mabibi wote tunavyofanya, kwa hiyo binti anadakia: "Amfukuze nani? Mumeo mwenyewe akivaa viatu hivi anatembea kama bata aliyenyeshewa. Mtu anauza asichokiweza!" Na kweli hakuviweza. Alikuwa akishika ukuta.

Akaugua. Ini, walisema hospitali. Hakuchukua muda.

Sasa, msiba wetu bila mtani haujatimia. Wenye msiba wanalia, mtani anamwigiza marehemu, anamsema, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, watu wacheke, moyo upate kupumua. Mtani halii. Kulia kuna wenyewe. Wanawake uani wakaanza kuulizana, mtani wa hapa ni nani? Nikasema mimi mwenyewe, yupo, mwiteni.

Akaja amejifunga kanga kiunoni na viatu vya magurudumu miguuni. Akaingia uani anayumba, kashika ukuta, miguu inakwenda kibata: mjukuu wangu mtupu. Akasema kwa sauti ya marehemu kabisa, "Karibu mteja, kiatu hiki hakijavaliwa na mtu, kimetoka Ulaya jana!" Mdogo wangu, aliyekuwa amelia mpaka akamwagiwa maji, alicheka. Jeneza lilipotolewa binti akakaa chini mlangoni, miguu kainyoosha, njia kaiziba.

"Huyu haendi. Ana kazi yangu hajamaliza."

"Mpeni chake apishe," wazee wakasema. Wakamwekea noti mapajani. Hakusogea.

"Ah, Mzaramo na tamaa! Mwongezeeni!"

Wakaongeza. Akalikamata jeneza mguu. "Nimesema haendi."

Watu wakazidi kucheka. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, nacheka na machozi yananitoka, nikasema moyoni mtoto huyu kaujulia wapi utani hivi, anawashinda mama zake. Wanaume wanasukuma kwa mzaha, yeye anavuta. "Haendi, jamani. Haendi." Uani kicheko kitupu. Fundi ndiye aliyeona. Alikuwa amebeba upande wa mbele, akamtazama usoni, akatoa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Acheni! Huyu hatanii."

Fundi akampa mwingine nafasi yake, akachuchumaa, akambandua vidole taratibu. Akafungua kamba za viatu vile, akamvua. Binti akabaki peku, uso wazi, analia kilio cha mwenye msiba mbele ya mji mzima, na wanaume wakampita na mjukuu wangu.

Ndipo nikajua. Kila asubuhi mbele ya macho yangu walikuwa wakitukanana binti na mjukuu wangu, na mimi nilidhani ni utani.

Baada ya matanga alirudi, akawa anafungua duka. Nikashukuru. Lakini asubuhi ananijia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Basi. Namchokoza, "Leo Wazaramo mmeamka mapema, ngoma imepasuka nini?" Ananijibu, "Ndiyo, bibi," anaendelea kufuta vumbi kwenye rafu. Ile adabu ilinitia baridi. Mtani akianza kukuheshimu, ujue anaaga.

Ikapita hitima ya arobaini. Kesho yake akaja kukaa nami jikoni, nachambua mchele.

"Bibi, nataka kwenda nyumbani."

"Duka nakuachia wewe. Kodi sitaki. Fundi yupo."

"Najua, bibi."

Nilikuwa sina silaha nyingine, nikatafuta utani. "Baki, mke mwenzangu. Tukae eda pamoja, wajane wawili wa mume mmoja."

Nilitaka acheke. Hata anitukane.

"Mimi sina eda, bibi," akasema. "Hakunioa. Nikibaki hapa nitakuwa nani? Utani nimeuvunja, nimelia. Na kwenye wafiwa sihesabiki."

"Mimi nakuhesabu."

"Najua wewe unanihesabu." Akachukua ungo kwangu, akachambua yeye, kichwa kainamisha. "Lakini ukinitazama unamwona yeye. Na mimi nikikutazama namwona yeye. Sasa nani atamchekesha mwenzake?"

Tulipika ule mchele, tukala. Fundi ndiye aliyempeleka stesheni, mimi niliishia mlangoni. Mvua zilipoanza fundi naye akaniita mama kwa Kisukuma chake, "Mayu, naenda kulima," akarudi kwao Ziba. Viatu vilivyobaki wanangu waliviuza kwa jumla, sikuuliza kwa nani.

Chumba nimempangisha muuza mitungi ya gesi. Kijana wa adabu sana. Asubuhi ananiamkia, naitikia, anaingia kazini kwake.