Mtaa wa Kaanaeli Tanga

Mwaka wa thelathini na nne mpwa wangu Kaanaeli wa Moshono alihamia Tanga na mumewe, karani wa reli. Alibeba machipukizi matatu ya mgomba. Na nani alimfundisha kuchagua mtaa? Mimi, niliyewahi kufika Korogwe, njiani kwenda Tanga, na kurudi mzima. Nilimwambia, “Mwanangu, kaa mwanzo wa maji. Huku mlimani aliye juu ya mfereji humwagilia migomba yake kwanza, wa chini hungoja mabaki.”

Basi wenyeji walipomwonyesha mtaa wa Ngamiani akakataa, akaona bahari ndiyo mwanzo wa maji, akapanga ufukweni. Maji ya kunywa aliletewa na mchuuzi, ila migomba aliimwagilia maji ya bahari, tena bila kungoja zamu. Wiki ya pili machipukizi mawili yakawa makavu kama ugoro.

Jirani yake, Bi Mwanashehe, akauliza, “Mwanangu, unaitia chumvi kabla ndizi hazijaingia chunguni?”

Kaanaeli akaonja maji yale, akatema, akang'oa chipukizi lililobaki na kuhamia Ngamiani, karibu na kisima. Mgomba huo sasa una mkungu. Ameniandikia: “Shikamoo mjomba. Korogwe ulikaa siku ngapi?”

Nimemjibu kwamba shauri langu lilikuwa sawa, bahari ndiyo haikuambiwa.