Mafundo Saba ya Shangazi

Enzi zetu pale kambini Nakivale, ukitaka kamba ya kuruka ulikwenda kwenye migomba ya watu, ukachuna maganda makavu, ukayalowesha, ukasokota mwenyewe. Kamba hiyo ilidumu siku mbili, tatu ukiwa na bahati. Ilikuwa ikikatika katikati ya wimbo, anayeruka anaanguka kifudifudi, nasi tunacheka mpaka tunakaa chini. Wanangu hapa Kakoba, mjini Mbarara, nimewanunulia kamba ya plastiki yenye vishikio vyekundu. Imetundikwa msumarini tangu Krismasi, na kazi pekee niliyoiona ikifanya ni kufungia mlango wa banda la kuku.

Nyinyi mliokulia kule, sisi tulioingia mwishoni mwa miaka ya tisini tukiwa tumebebwa mgongoni au tukikokotwa mkono, hamhitaji kuelezwa mengi. Mnaikumbuka ile shitingi, turubai la msaada juu ya nyumba za udongo, jinsi ilivyonuka jua likiwaka saa sita. Mnayakumbuka maharage ya mgao, yaliyokuwa magumu kiasi kwamba mama aliyabandika asubuhi, tukaenda shule, tukarudi, tukaenda kuteka maji ziwani, tukarudi tena, na bado yalikuwa yakigonga sufuria. Mnamkumbuka yule mwalimu Mnyankore aliyetuchapa kwa kusema Kiswahili darasani, na matusi yote aliyotutukana siku hiyo aliyatoa kwa Kiswahili, maana Kiingereza chake kilikuwa kinamtosha kwa salamu tu. Siutamani ukimbizi, jamani, msije mkanielewa vibaya. Nazitamani zile siku.

Na zaidi ya siku zote naitamani Jumatatu ya Pasaka.

Ziwa letu ni dogo na halina kina. Wazee waliotoka ziwa Tanganyika walilidharau, wakaliita bakuli. Lakini Jumatatu ya Pasaka, baada ya ibada, bakuli hilo lilizungukwa na watu pande zote palipokosa mafunjo, kwa sababu ndiyo siku ya mitumbwi kushindana. Mama zetu walikuja na sombe, yaani kisamvu, na bugali kwenye mabeseni yaliyofunikwa vitenge. Samaki aina ya ngege walikaangwa papo hapo ufukweni. Viboko walikoroma kule mbali, na sisi watoto tulikoroma kuwajibu. Kila mwaka watu walikuja kuona mtumbwi mmoja tu, na mtumbwi huo aliuunda baba yangu.

Baba, ambaye watu wote walimwita Baba Faida kwa jina langu mimi kifungua mimba wake, alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka upande wa Fizi, Kongo. Siku tuliyokimbia, wengine walibeba magodoro, wengine kuku. Yeye alijifunga kamba kiunoni, basi. Mama alimsimanga kwa jambo hilo maisha yao yote. "Batu balibebaka masufuria," alikuwa akisema kila chungu kilipovunjika, "weye ulibeba kamba!"

Haikuwa kamba ya hivihivi. Ilikuwa manila nene, ndefu kama mtumbwi, na ilikuwa na mafundo saba. Ukiinyoosha toka mbele hadi nyuma, kila fundo lilikuonyesha ubavu wa mtumbwi ukae wapi. Ukiikunja kati ya fundo na fundo, ulipata upana wa mahali hapo. Babu ndiye aliyeyafunga, kwa ajili ya aina moja tu ya mtumbwi, ule mwembamba wa watu wanne ambao hauvui samaki wala haubebi mzigo. Kazi yake ni mbio. Baba hakuwa na karatasi, hakuwa na futi. Ujuzi wote wa babu ulikuwa ndani ya yale mafundo.

Aliuunda, akauita Shangazi. Alisema katika maisha yake hajaona kitu kinachofika haraka kama shangazi yake akisikia kuna nyama imepikwa. Pasaka mbili mfululizo Shangazi alishinda, na hakushinda kidogo. Mzee Asukulu, ambaye wakati huo hakuwa mzee bali kijana wa kifua kipana aliyepiga kafi ya mbele, alikuwa ameshavua shati, amelikamua na kulivaa tena wakati mtumbwi wa pili unawasili. Kulikuwa pia na Afande Tumwine, mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Mbarara aliyeoa Endiinzi, mji wa jirani. Kila Pasaka aliwaaga wakwe zake akaja kwetu, akaingia majini na buti zake hadi magotini, akampigia Shangazi kelele kama anayeamuru gwaride. Nilijivuna siku hizo mpaka mama akaniambia nishushe shingo, itavunjika.

Kisha kiboko akampondaponda Shangazi akiwa amefungwa kwenye mafunjo. Hakuumia mtu. Tuliokota vipande tukapikia yale maharage. Nililia, lakini baba alicheka. "Mutumbwi ni mbao tu," aliniambia, akaipigapiga ile kamba nyuma ya mlango. "Shangazi iko humu ndani." Akapanda lori la ndizi kwenda Mbarara kutafuta misumari.

Wiki hiyo darasa letu la nne lilikuwa lishindane kuruka kamba na darasa la tano. Kamba zetu za migomba zilikuwa zimekatika zote. Nami nilijua palipo na kamba isiyokatika.

Niliitoa nyuma ya mlango nikijua kabisa nafanya nini, kwa hiyo nisijisingizie utoto kupita kiasi. Nilikuwa na miaka kumi. Ila mafundo yalitugonga vifundo vya miguu, na kamba haikuzunguka vizuri. Rafiki yangu alikuwa na meno makali. Akayafungua mafundo, moja baada ya jingine, mimi nikishika upande wa pili na kuvuta. Tulicheza siku mbili. Darasa la tano tuliwapiga vibaya sana, na ile furaha bado naijua, vumbi linaruka, wasichana arobaini wanaimba, na kamba ya babu yangu inachapa ardhi. Ilipochafuka tuliifua ziwani kwa sabuni, tukaianika, ikawa nyeupe na laini, haina hata alama. Jioni ya siku ambayo baba angerudi nikafunga mafundo saba. Niliyapanga kwa macho, mbalimbali kidogo, nikahakikisha yamependeza. Nikaitundika.

Baba alirudi na misumari, na mkate mmoja mzima wa Mbarara kwa ajili yetu. Ule mkate niliula.

Aliunda Shangazi wa pili. Asukulu alikuja akautazama mtumbwi ukiwa bado mbavu tupu, akasema, "Baba Faida, hapa katikati ni kama pamepanuka." Baba hakubishana naye. Alichukua kamba, akainyoosha, akamwonyesha fundo na ubavu vimekaa pamoja. Mtu mwingine angeliamini jicho lake. Lakini hiyo kamba ndiyo kitu pekee alichotoka nacho nyumbani, na alikuwa ameacha kila kingine, hata kaburi la babu. Angeanzaje kuishuku?

Pasaka ile Shangazi alivuta upande wa kushoto tangu kuondoka, akafika wa mwisho akiwa amejaa maji. Watu walicheka. Baba akabomoa mbavu, akapima upya kwa kamba ileile, akaunda tena. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. Jioni yake alikaa mlangoni akiitazama mikono yake juu na chini. Mama akamwambia labda kamba imevutika kwa uzee. "Kamba haiwezi kudanganya," akajibu. "Ni mikono yangu njo imekufa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sahani mkononi. Sikusema. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye, nilipokuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba asingenichapa, niliona aibu, na aibu ilinishika kuliko fimbo. Tezo yake, ile ya kuchongea, alimpa jirani. Akalima mahindi kama watu wote, na hakuwa mkulima mzuri. Alipougua nilitoka Mbarara, ambako nilikuwa nimeshaolewa, nikamuuguza wiki tatu, nikamlisha uji kwa kijiko, nikijiambia kesho, kesho. Tulimzika naye akiamini mikono yake ndiyo iliyokufa. Mama akanipa kamba niiweke, eti nilikuwa naipenda.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwaka juzi alinijia hapa Kakoba kijana anaitwa Elie, seremala, mzaliwa wa Nakivale, ambaye hakuwahi kumwona Shangazi ila amelelewa na sifa zake. Yeye na wenzake wanaopenda mitumbwi walitaka kumfufua. Mama alikuwa amemwambia kamba iko kwangu. Aliniamkia kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti cha wateja karibu na cherehani yangu, akaniita kwa jina la mwanangu, "Mama Ezekieli, tunataka jina ya mzee irudi." Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikampikia chai, nikampa kamba. Nilijidanganya kwamba vijana wa leo, wenye simu zinazojua kila kitu, watapima kwa akili zao na kamba wataiweka kwa heshima tu.

Walimuunda kwa kamba, fundo kwa fundo. Heshima waliyoionyesha ndiyo iliyoniponza.

Pasaka iliyopita nilikwenda. Ufuko ulikuwa umejaa, ingawa sombe lilikuwa kidogo na chipsi zilikuwa nyingi. Shangazi alipakwa rangi ya bluu, akawa mzuri kweli. Vijana walipiga picha naye kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kumpigia kafi, mmoja akashika kafi kichwa chini ili uso wake uonekane. Kisha wakashindana. Nilifumba macho, lakini kwa kicheko tu nikajua. Alivuta kushoto, akafika wa mwisho.

Wakamvuta nchi kavu na kila mtu akatoa maoni. Mzee Asukulu, mvi tupu sasa, alisema ubaya ni mbao za kalitusi, zinanywa maji. Afande Tumwine, aliyestaafu na kuja na mkongojo, hakukubali. "Boti hapana shida," alisema. "Shida iko kwa mikono. Hawa vijana nakula chipsi, nashika simu, kafi itatoka wapi?" Kijana mmoja alitaka wafunge injini. Mwingine akasema lile nililolihofia.

"Tulidanganywa na bazee. Hii mutumbwi haikukimbiaka hata siku moja. Ule mzee alikuwa fundi ya kawaida tu."

Wakacheka. Nilimgeukia Mzee Asukulu amkemee. Alikuwa akiutazama mtumbwi, mkono juu ya ubao. "Pengine," alisema taratibu. "Tulikuwa bijana. Pengine tulikuwa tunaona mingi kuliko ilivyokuwa."

Mtu wa mwisho aliyekuwa shahidi wa baba yangu alikuwa anamwacha. Nikasikia sauti yangu kabla sijaamua.

"Mzee, si mikono yake. Ni mimi. Nilifungua mafundo nikaruka kamba."

Nilisema yote, ufukweni, mbele za watu, mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Nilitaja meno ya rafiki yangu, sabuni, na mkate. Hakuna aliyecheka. Afande alivua kofia. Mzee Asukulu, machozi yakimtoka, akasema, "Ashante, mwanangu. Basi ilikuwa kweli." Nikajua angalau kwa huyo mmoja baba amerudishiwa mikono yake, miaka mingi baada ya kuihitaji.

Lakini Elie hakulia. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini. Alikimbia akaileta kamba, akayafungua mafundo yangu yote saba hapohapo, akaninyooshea kamba tupu kwa mikono miwili.

"Basi, mama, tuonyeshe. Ya kweli yalikuwa fasi gani?"

Watu wakasogea. Nikaishika.

Watoto wa leo tunawacheka kwamba hawakumbuki kitu, kila jambo wameliweka kwenye simu, na mimi ni wa kwanza kuwacheka. Nami nakumbuka. Naikumbuka harufu ya shitingi, na mlio wa maharage kwenye sufuria. Nazikumbuka nyimbo zote tulizoruka nazo, mstari kwa mstari, naweza kuwaimbia sasa hivi. Namkumbuka baba akicheka na kuipigapiga kamba nyuma ya mlango.

Nilipitisha vidole toka mwanzo wa kamba hadi mwisho, nikarudi tena mwanzo, na wao wakisubiri. Ilikuwa laini kote. Mahali pa mafundo sikumbuki.