Mtani wa Kizungu Aliyekuja Matangani

Ukitaka kucheka, cheka kabisa, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa. Yalinikuta mwenyewe hapa Johannesburg, mwaka 2017, mchana kweupe.

Baba yangu alifariki Tabora. Pasipoti yangu ilikuwa imekwama ofisini nikisubiri kibali, kwa hiyo siku anazikwa mimi niliweka matanga chumbani kwangu Fordsburg, ninakoshonea nguo. Majirani walikuja, Wakongo wengi wao, wakaimba mapambio mazuri. Lakini kwetu Wanyamwezi msiba bila mtani haunogi. Nani amkejeli marehemu? Nani alale kaburini agome kutoka mpaka apewe jogoo, ili wafiwa wacheke, halafu walie vizuri? Nilikaa mkavu kama gogo, nimekumbuka nyumbani mpaka kifua kinauma.

Saa saba akaingia mzee wa Kizungu, ndevu mpaka kifuani, koti la sufu limepauka. Hodi hakupiga. Akainyakua kofia ya baba niliyoitundika ukutani, akaivaa, akajitupa mkekani.

"Mchoyo huyu!" akasema, kwa Kiswahili cha bara, cha kizamani. "Amekufa ili asinigawie asali!"

Mama Furaha, jirani yangu wa Bukavu, akashika mdomo. "Eish! Muzungu huyu anatoka wapi?"

"Natoka kutafuta ziwa. Babu zake huyu walinizungusha miezi mitatu!"

Niamini, nilicheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza. Nilipofuta uso, mzee hayupo, na kofia haipo.

Jioni shangazi akapiga simu kutoka Tabora. Sijamweleza lolote, akaniuliza, "Yule Mzungu umemtuma wewe? Saa nane alirukia kaburini, akagoma kutoka mpaka tukampa jogoo. Alivaa kofia ya baba yako, ile uliyoondoka nayo. Kaiacha mle, tumemzika baba yako nayo."

Saa nane ya kwao ni saa saba ya kwetu.

Nilipomweleza yangu, akasema babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa Mwingereza mmoja, wa mwanzo mwanzo kufika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya zamani. Walitaniana njia nzima, hata wazee wakamfanya mtani wa ukoo.

Tangu hapo nikikutana na Mzungu mzee barabarani namkodolea macho, na wengine hukasirika. Najiuliza, zamu yangu ikifika atanisema nini? Nawe, akija mgeni msibani kwako akaanza kumtukana marehemu, usimfukuze. Mwulize kwanza ni mtani wa nani.