Baba Anaomba Fimbo Yake ya Kutembelea

Nimeusoma ukurasa huu mwaka mzima bila kuandika neno. Tafadhali ficheni jina langu. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na kwetu ni Kitale, upande wa Kipsongo. Mimi si msemaji, hata darasani nilikuwa nikijibu kwa kichwa, kwa hivyo mnivumilie.

Baba yangu alikuwa mpakizi wa magunia ya mahindi. Fimbo yake ya mpera ilikaa juu ya mlango. Ukikosa, ulilala kifudifudi kwenye benchi na hukuruhusiwa kusogea. Ukisogeza hata kidole alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Umetikisika. Tunaanza moja." Hakupiga kelele hata siku moja. Nilijifunza kuzuia pumzi na kuwa kama ubao.

Nikiwa kidato cha tatu nilichelewa kurudi kutoka mazoezi ya netiboli. Kiboko cha kumi na nne kilinikosa mgongo kikashuka begani, na nikasikia kitu kikilia ndani. Nilitikisika. Tukaanza moja. Mama alinikanda kwa maji moto na chumvi huku akininong'oneza, "Nyamaza, atasikia."

Tangu siku hiyo mkono wa kulia haukupanda kupita sikio. Shingo ikakauka, tumbo likauma, hedhi ikapotea miezi mitano. Zahanati moja ilinipa vidonge vya maumivu, nyingine dawa ya vidonda vya tumbo, kanisani wakanipaka mafuta shingoni. Kila mtu alitibu kipande chake.

Baada ya mtihani shangazi alinichukua hadi kwake Bungoma, akanipeleka kwa mama mmoja karibu na Kibabii. Nitamwita Mama Nafula. Alikuwa muuguzi zamani. Hakugusa mkono wangu. Aliniuliza ninalala vipi, ninakula saa ngapi, na kwa nini mtu akiingia mlangoni ninaacha kupumua. Mimi sikujua kama ninaacha.

"Huu mkono hauko peke yake," akasema. "Uko na shingo, uko na tumbo, uko na usingizi. Si ni wewe wote unauma?"

Alinifanya nitembee peku kwenye nyasi kila asubuhi, nipumue hadi tumboni, nilime shamba lake la mboga, nile kwa wakati. Halafu akanichezesha kamabeka, ile ngoma yetu ya kutikisa mabega. Yangu yalikataa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ati wewe ni Mbukusu wa wapi, bana? Mabega kama mlango wa benki."

Kwake, kutikisika ndiyo ilikuwa dawa. Mwezi wa sita nilianika shuka kwenye kamba kwa mikono miwili, nikasimama hapo nikilia.

Agosti nilirudi Kitale kuwasalimia. Siku ya pili Mama alichelewa kutoka mazishini Saboti. Nilikuwa jikoni. Nilipoingia sebuleni, Mama alikuwa kwenye lile benchi, gauni limelowa damu mgongoni, na Baba anasema, "Umetikisika. Tunaanza moja."

Mkono wangu ukapanda. Sikuutuma. Nilidaka fimbo hewani. Baba alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikiongea, kisha akanipiga ngumi ya mdomo na jino likakatika. Nilitema damu, nikakanyaga chini kwa nguvu, nikapumua kama nilivyofundishwa, nikamsukuma kwa mwili wote. Alianguka kinyumenyume akapita mlango, akatua kwenye jiwe la kusagia. Mfupa wa paja ulivunjika kwa sauti kama ya muwa.

Wazee wa ukoo walikaa. Wakasema mtoto aliyeinua mkono juu ya babake asile katika nyumba hiyo mpaka atakaswe, nikarudi Bungoma. Lakini Baba alipotoka hospitali, daktari akiwa amesema asipofanyishwa mazoezi mguu utakauka, baba mdogo alinifuata Bungoma. "Hayo mambo ya mwili si ndiyo ulisomea huko? Wewe ulimvunja. Kuja umsimamishe."

Nilikuja. Ninamlaza kwenye benchi lile lile kwa sababu ndilo gumu. Anainua mguu mara kumi, mimi nahesabu. Wiki ya tatu alifika saba akapumzika. Nikajisikia nikisema, kwa upole kabisa, "Umepumzika. Tunaanza moja."

Baba alinitazama. Mama alikuwa akichagua maharagwe, mikono yake ikasimama. Sitawadanganya, nilisikia raha. Akainua mguu mara kumi nyingine, jasho likimtoka, na mimi sikumsaidia. Tangu siku hiyo bega langu limeanza kuuma tena.

Sasa anasimama akishika ukuta. Hajawahi kusema pole kwa Mama wala kwangu. Juzi aliniambia, "Niletee ile fimbo yangu. Nataka ya kutembelea."

Niliificha darini siku ile ile alipovunjika. Nilimkatia nyingine ya mti mwepesi. Aliipima mkononi, akaiweka chini. "Hii si yangu."

Mama akasema, "Mpe tu. Amebadilika." Lakini alipokuwa akisema hivyo alivuta kigoda chake mpaka karibu na mlango.

Ndugu zangu mnaosoma, nikiacha mazoezi atabaki kilema, na nitakuwa mimi niliyemlemaza mara mbili. Nikiendelea, ninayemsimamisha ni yule yule aliyetuchapa, na ninaogopa pia yule ninayekuwa mimi nikihesabu. Nishaurini, nifanye nini? Kesho asubuhi ni mazoezi tena. Atanyoosha mkono aombe fimbo yake, na Mama atakuwa amekaa karibu na mlango.